Goti la mtu wa chukudu: jenuyere mbili na wiki 16

Mtu wa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba mizigo na kusukumwa kwa mguu, anafanya kazi kwa magoti mawili yasiyofanana. Moja limepigwa juu ya ubao, juu ya kipande cha kandambili kilichopigiliwa misumari, na linakaa hapo njia nzima. Lingine liko nje. Hilo ndilo linasukuma ardhi, linafunga breki, linauwahi mzigo unapoyumba. Nimeyashika magoti mengi hapa Goma kabla sijafikiria jambo hilo kwa makini, na kijana ninayemweleza hapa ndiye aliyenilazimisha kulifikiria.

Jina lake nimeliacha. Alikuwa na miaka 26, ana mke na watoto wawili, anakaa upande wa Buhene. Chukudu ni yake, aliilipa kwa pesa ya likelemba, mchango wa kupokezana. Alfajiri anapanda Kibumba, kijiji kilicho juu kaskazini mwa mji, akiisukuma tupu, mchana anashuka na magunia ya viazi na kabeji hadi soko la Virunga. Kupanda kunachosha mapafu. Kushuka kunachosha magoti, kwa sababu mzigo unajisukuma wenyewe na kazi yote inakuwa kuuzuia. Yeye anapiga goti la kushoto kwenye ubao, mguu wa kulia ndio wa nje.

Ilikuwa mwezi wa 10 mwaka 2021. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imetapika jioni ya tarehe 22 mwezi wa 5, lava ikakata barabara ya Rutshuru huku kwetu kaskazini mwa mji, na baadaye njia ikafunguliwa tena juu ya lava yenyewe. Aliyepita pale miezi ile anajua: mawe meusi yenye meno, mashimo kati yake, vumbi juu ya yote. Pale pale chukudu yake ikaanza kulala upande wa kushoto. Akatoa mguu wa kulia aizuie. Unyayo ukabanwa kati ya mawe mawili. Magunia yakaenda kushoto, mwili ukayafuata, unyayo ukabaki. Goti lililokuwa katikati likavunjikia ndani, kuelekea goti lenzake. Alisikia kitu kikilia "tap" upande wa ndani.

Nilimwomba anieleze anguko hilo mara tatu, na mara ya tatu nikamwambia alionyeshe kwa kiti na mto. Haikuwa kupoteza wakati. Jinsi goti lilivyokwenda inaeleza ni kamba gani imevutwa. Goti lina ligamenti nne kubwa: moja upande wa ndani, moja upande wa nje, na mbili zinazopishana kama msalaba katikati, ya mbele na ya nyuma. Goti likisukumwa kuelekea ndani huku unyayo umefungwa, ya kwanza kuumia ni ile ya upande wa ndani. Nguvu ikizidi, au goti likizunguka pia, inafuata ya msalaba ya mbele. Swali langu lote la siku hiyo lilikuwa hilo: imeumia moja, au mbili?

Lakini hakuja kwangu siku ile. Alikuja siku ya 12, na zile siku 11 zilizotangulia ni nusu ya kisa.

Usiku wa kwanza walimpeleka kwa mzee mmoja wa mtaani anayeunga mifupa. Mzee akamkanda kwa maji ya moto na kumvuta mguu, siku tatu mfululizo. Goti likavimba zaidi upande wa ndani, na weusi wa damu ukashuka hadi kwenye shavu la mguu. Mzee huyo simdharau. Ana mikono yenye subira na watu wanamwamini kwa haki, kwani mara nyingi yuko karibu kuliko sisi. Ila moto na kukanda kwa nguvu katika siku mbili tatu za mwanzo vinaongeza damu kutoka mahali palipochanika. Baadaye nilikwenda nikamsalimu, tukaongea juu ya jambo hilo moja tu, siku tatu za mwanzo. Alinisikiliza. Toka hapo ameshanitumia watu wawili.

Siku ya 5 kijana akaenda farmasi, akanunua jenuyere, kile kivazi cha kulishika goti. Ile ya kitambaa cha kuvutika, nyeusi, yenye tundu la duara mbele kwa ajili ya pia ya goti. Alilipa franga 10,000. Akaambiwa: "Hii inafunga mishipa." Akaivaa, goti likapata joto, maumivu yakapungua, akasikia kama mtu ameshika goti lake kwa mikono miwili. Siku ya 11 akapanda Kibumba. Wakati wa kurudi, karibu na palepale, goti likakimbia ndani tena, jenuyere ikiwa mguuni.

Kesho yake aliingia kwangu akichechemea, ameshika ukuta, bado ameivaa. "Docta, walisema inafunga," akaniambia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anashangaa, kama mtu aliyefunga mlango kwa ufunguo halafu akaukuta uko wazi.

Alichokosea yeye, na alichokosea aliyemuuzia

Kitambaa kile si kitu kibaya, na ninaogopa mtu asije akaenda kukitupa. Kinabana uvimbe kidogo. Kinaleta joto. Kinaikumbusha akili kwamba goti liko wapi, na mtu anakanyaga kwa uangalifu zaidi. Kwa mama mwenye goti la uzee linaloamka na baridi ya asubuhi, au kwa mtu aliyepona na anataka moyo kidogo, kinafaa.

Lakini hakiwezi kulizuia goti lisivunjikie ndani. Nilimwonyesha kwa mikono. Nilikichukua kitambaa chenyewe, nikakishika juu na chini, nikakipinda kushoto na kulia. Kikapinda bila kubisha. "Mdogo yangu, kitu ambacho mimi ninakipinda kwa vidole viwili, gunia la viazi litakifanya nini?" Akacheka, mara ya kwanza.

Kinachoweza kuzuia ni jenuyere yenye vyuma viwili kandokando na bawaba katikati ya kila chuma. Mlango ulio kwenye bawaba unafunguka na kufungwa, lakini haulali upande. Jenuyere hiyo inafanya kazi kwa kusukuma mahali patatu. Goti linapotaka kwenda ndani, chuma cha ndani kinalisukuma nje pale penye maungio, na chuma cha nje kinalirudisha juu ya paja na chini ya goti. Pointi moja dhidi ya mbili. Ndiyo maana urefu una maana: vyuma vikiwa vifupi, vinakosa mahali pa kushikia, na jenuyere inabaki pambo.

Tatizo la joto na faraja ni kwamba vinadanganya. Maumivu yalikuwa yanamlinda. Kitambaa kiliyanyamazisha, na hakikuweka ulinzi mwingine mahali pake. Nikiulizwa ni kitu gani kilimrudisha chini siku ya 11, nitasema ni hicho, kabla ya mawe.

Tulichokikuta mezani

Nilimlaza, nikaanza na mguu usioumia, wa kushoto. Sikosi kufanya hivyo, kwani goti la kushoto la mtu ndilo kipimo cha goti lake la kulia. Wapo watu ambao ligamenti zao zimelegea toka kuzaliwa, na ukianza na mguu mbovu utawapa ugonjwa wasio nao.

Uvimbe ulikuwa kwenye upande wa ndani wa mguu zaidi kuliko katika chumba cha goti lenyewe. Hiyo ilikuwa dalili nzuri. Ligamenti ya msalaba ya mbele ikikatika, mara nyingi goti lote linajaa damu ndani ya saa chache, na yeye alisema siku ile ya kwanza lilivimba kidogo tu, usiku. Kidole changu kilipata maumivu makali mahali pamoja, juu kidogo ya maungio, pale ligamenti ya ndani inapoanzia kwenye mfupa wa paja.

Halafu majaribio. Goti limekunjwa digrii 30, mkono wangu mmoja nje ya goti, mwingine unapeleka kifundo nje polepole. Upande wa ndani ulifunguka kuliko wa kushoto, na uliuma, lakini ulifika mahali ukagota, kama kamba ya mbuzi inapofika mwisho wake. Ligamenti iliyokatika yote haigoti, inaendelea kufunguka. Nikarudia mguu ukiwa umenyooka kabisa: imara. Hilo ndilo nililokuwa ninaliomba. Goti lililonyooka linashikwa na vitu vingi pamoja, na likifunguka hata hapo, ujue kuna zaidi ya ligamenti moja iliyoharibika. Mwisho nikavuta ugoko mbele goti likiwa limekunjwa kidogo, kupima ya msalaba. Ikagota sawa na ya kushoto.

Kwa hiyo: ligamenti ya ndani, imechanika kwa sehemu, daraja la pili kati ya matatu. Niliandika hivyo, na pembeni nikaandika "kurudia baada ya wiki 2". Mtu mwenye maumivu anakaza misuli ya nyuma ya paja bila kutaka, na misuli iliyokazwa inaweza kuificha ligamenti ya msalaba iliyokatika. Jaribio moja la siku ya maumivu silitegemei peke yake. Wiki ya pili nilirudia, ikawa imara vilevile.

Kuhusu radio, ile picha ya mifupa, nilifuata kanuni za Ottawa, zile zinazotumika duniani kuamua goti gani lipigwe picha: mwenye miaka 55 kwenda juu, mwenye maumivu kwenye pia ya goti peke yake, mwenye maumivu kwenye kichwa cha mfupa mdogo wa nje, asiyeweza kukunja hadi digrii 90, asiyeweza kupiga hatua nne. Yeye alikunja hadi 80 akakwama. Moja inatosha, tukapiga. Mfupa haukuwa umevunjika. Radio haionyeshi ligamenti, na nilimweleza hivyo ili asije akaambiwa "picha ni safi" akapanda Kibumba tena.

Palata, au bawaba?

Shemeji yake alikuwa na wazo: kupiga palata, ile plasta ngumu, wiki 6, goti lipumzike. Ni wazo la mtu anayempenda, na zamani wengi walitibiwa hivyo. Nililikataa kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ligamenti yenyewe. Ile ya upande wa ndani inakaa nje ya chumba cha goti, ina damu ya kutosha, na ikichanika ncha zake zinabaki karibu. Mara nyingi inapona bila kisu, hata ikiwa imekatika yote. Na inapona vizuri zaidi ikiwa inavutwa kidogo kidogo katika mwelekeo wake, kwa sababu nyuzi mpya zinajipanga kufuata mvuto. Ukilifunga goti kabisa, nyuzi zinaota ovyo. Ya msalaba ya mbele ni habari nyingine: iko ndani ya maji ya goti, ncha zikiachana kwa kawaida hazitafutani. Ingekuwa ni hiyo, mazungumzo yetu yangekuwa juu ya kujenga misuli miezi mingi, juu ya kubadilisha kazi, na juu ya upasuaji kwa mwenye njia ya kuufikia. Jenuyere isingeirudisha.

Sababu ya pili ni paja. Msuli wa mbele ya paja unaanza kupungua siku za mwanzo kabisa mguu unapofungwa, na kuurudisha kunachukua muda mrefu kuliko uliouchukua kupotea. Mtu wa chukudu bila paja hana kazi.

Basi bawaba. Mpya zilikuwa bei ambayo hangeweza. Mke wake ndiye aliyeipata, mtaani Birere, katika rundo la vitu vya mitumba: jenuyere ndefu ya bawaba, imetumika, dola 20. Akaileta imefungwa kwenye kitenge. Ninasimulia jinsi tulivyoikagua, maana wengi mjini wanavaa za namna hii na hakuna anayezikagua.

Kwanza niliikunja na kuinyoosha mkononi nikitazama bawaba zote mbili. Zinapaswa kwenda pamoja. Ikiwa moja inachelewa, inalipinda goti kila hatua. Ya nje ilikuwa na skrubu imelegea, tukaikaza. Kisha vizuizi, vile vipande vidogo ndani ya bawaba vinavyoamua goti likunjwe hadi wapi. Vilikuwepo. Mikanda ya kunata ilikuwa imejaa nyuzi na nywele, haishiki. Mke wake akakaa kwenye benchi akaichokoa kwa sindano, dakika 20, kimya, mpaka ikashika. Sponji ya ndani ilikuwa imekufa. Tulikata mpya kwenye godoro la zamani na kuishona.

Halafu kipimo. Kwa futi ya fundi wa cherehani nilipima mzunguko wa paja sentimita 15 juu ya katikati ya pia ya goti: kushoto 48, kulia 47. Jenuyere ilikuwa kubwa kidogo, sponji ikaziba pengo. Katikati ya bawaba inapaswa kukaa usawa wa maungio, karibu na katikati ya pia. Ikishuka sentimita tatu tu, bawaba inazunguka mahali ambapo goti halizunguki, inakwaruza ngozi na haizuii kitu. Na zinashuka zote, hasa kwa mwenye jasho. Nilimfundisha kuanza na mkanda ulio chini kidogo ya goti, juu ya shavu la mguu, kwani ndio unaozuia kushuka, kisha ile mingine, akiwa ameketi na goti limekunjwa kidogo. Kidole kimoja kiweze kuingia chini ya kila mkanda. Avue jioni, aangalie ngozi.

Vizuizi niliviweka kuruhusu kutoka digrii sifuri hadi 90 kwa wiki mbili, baadaye tukafungua. Toka siku ya kwanza akaanza kukaza paja: kitenge kilichoviringishwa chini ya goti, anakikandamiza, anahesabu hadi tano, mara kumi, kila alipokumbuka.

Wiki ya 3: ganzi

Alikuja akisema juu ya unyayo panawasha kama sisimizi wanapita, kuanzia mbele ya ugoko hadi kidole gumba. Nikapima nguvu ya kunyanyua unyayo, ikawa nzuri. Jenuyere niliyoikuta mguuni ilikuwa imevaliwa sawasawa. Nikamwambia atembee: hakuna. Akae: hakuna. Sikuelewa.

"Unafanya kazi?"

Akaangalia chini. "Docta, kidogo tu. Bila mzigo mingi. Mdogo yangu anasukuma, mimi ninashika."

Nikamwomba anionyeshe anavyoshika, tukatoka nje, chukudu ilikuwa imeegemezwa ukutani. Akapanda. Alikuwa amebadilisha miguu. Kwa kuwa wa kulia ni mgonjwa, aliona heri aupumzishe kwenye ubao na wa kushoto usukume. Goti la kulia likapigwa juu ya kandambili, limekunjwa sana, jenuyere juu yake, na mkanda wa chini pamoja na kichwa cha chuma cha nje vikakandamizwa kati ya ubao na mfupa. Pale pale, chini kidogo ya goti upande wa nje, kuna neva inayozunguka shingo ya mfupa mdogo ikiwa karibu sana na ngozi. Ndiyo inayonyanyua unyayo. Ikibanwa muda mrefu, mtu anaweza kuanza kuburuta mguu.

Nilikasirika kidogo, ninakiri, na hasira ikaisha nilipotazama ule ubao. Jenuyere hizi zimetengenezwa kwa mtu anayetembea, anayekimbia, anayecheza mpira. Hakuna aliyeitengeneza akimfikiria mtu anayepiga goti moja juu ya mti kwa muda wa saa nne. Yeye alitumia akili yake mahali ambapo mimi sikumpa neno lolote. Nilikuwa nimemwambia "pumzika na kazi", na watoto wawili hawali pumziko. Nilipaswa kumuuliza siku ya kwanza anapiga goti gani.

Tulilirudisha goti la kushoto kwenye ubao, tukasema mguu wa kulia usisukume kitu kwa wiki mbili zaidi, mdogo wake achukue safari za mzigo na yeye abaki kwenye kuuza sokoni. Ganzi ikaondoka ndani ya siku nne.

Wiki ya 6 hadi ya 9: haivuliwi

Wiki ya 6 nilijaribu tena digrii 30. Tofauti na kushoto ilikuwa karibu haipo, na hakuna maumivu. Ligamenti ilikuwa imefanya kazi yake. Nikamwambia aanze kuivua nyumbani, kisha mtaani.

Wiki ya 9 alikuja ameivaa. Sponji imenuka, ngozi chini ya mkanda wa juu imechubuka. Mke wake akaniambia analala nayo. Nikapima paja: kushoto 48, kulia 45. Ligamenti imepona na mguu umekonda, vyote kwa mkupuo mmoja. Mazoezi alikuwa ameyaacha, maana, kwa maneno yake, "ile inanishika sasa".

Nilimuuliza anaogopa nini. Hakusema maumivu. Alisema anaogopa ile sekunde. Sekunde ambayo goti linaondoka na wewe unajua linaondoka na huwezi kitu. Imempata mara mbili mahali pamoja. Kila siku anapita pale.

Wengi wetu tunaofanya kazi hii tunaitaja hofu hiyo kwa haraka, kama kitu cha pembeni, halafu tunarudi kwenye digrii. Mimi pia. Lakini kwa kijana huyu, toka wiki ya 6, hofu ndiyo ilikuwa ugonjwa wenyewe, na jenuyere ilikuwa inaulisha. Kila siku aliyopita salama aliihesabia jenuyere. Goti halikupewa nafasi ya kumwonyesha kwamba limerudi. Kosa lilianza kwangu: nilimfundisha kwa saa nzima jinsi ya kuivaa, na sikumpa tarehe ya kuivua. Mtu aliyepewa kitu bila tarehe anaelewa kwamba ni chake.

Tukaanza upya, safari hii kwa tarehe. Nilichukua kalamu ya wino mzito nikaandika kwenye mkanda wa juu siku ambayo ingekuwa mwisho wa wiki ya 16. Akaisoma kwa sauti. Tulipatana: nyumbani haivaliwi kuanzia leo. Usiku kamwe. Sokoni haivaliwi kuanzia wiki ijayo. Kushuka Kibumba na mzigo, inavaliwa mpaka tarehe ile. Kuna wenzangu watasema ligamenti ilishapona, kwa nini kumwachia wiki saba nyingine? Niliona paja lililopungua sentimita tatu halina haki ya kushuka kilima na mamia ya kilo bila msaada, na niliona pia kwamba mtu anayenyang'anywa kitu kwa ghafla anakitafuta kwingine.

Mazoezi yalihama kutoka kitandani kwenda kwenye mawe. Kusimama kwa mguu mmoja akipiga mswaki, kisha macho yamefumbwa. Kuketi na kuinuka kwa mguu mmoja kwenye kitanda. Kupanda na kushuka ukuta mfupi wa mawe ya volkano ulio mbele ya nyumba yao akiwa na bidoni ya lita 20, kwanza nusu, kisha imejaa. Goti lisikimbie ndani anaposhuka. Mke wake alisimama mbele akimtazama, na goti likielekea ndani anapiga kofi moja. Watoto wakaanza kupiga makofi nao. Chukudu ilirudi kwa hatua: tupu kwenye tambarare, gunia moja, mawili, kisha mteremko.

Wiki ya 13 nilikwenda naye kwenye ile lava. Nilimwomba aache chukudu pembeni, avue jenuyere, asimame mahali alipoanguka. Akapata mawe yenyewe, au aliyoamini ni yenyewe. Akaweka unyayo wa kulia kati yake, taratibu, akaegemea kushoto, akarudi. Akaegemea zaidi, akarudi. Motari wa pikipiki walikuwa wanapita wakitupigia honi, wakituona vichaa. Alifanya hivyo labda mara 30. Kisha akasema, "Inashika." Sikumsahihisha kwamba ilikuwa inashika toka wiki ya 6.

Mwisho wa wiki ya 16 nilipima: kushoto 48, kulia 47 na nusu. Kuruka kwa mguu mmoja, wa kulia ulifika zaidi ya asilimia 90 ya wa kushoto. Upande wa ndani unagota kama mwenzake. Akaitoa jenuyere kwenye mfuko, imefuliwa, mikanda imechokolewa tena kwa sindano. Jasho lilikuwa limefuta tarehe niliyoiandika. Iliyokuwepo ilikuwa ya kalamu ya bluu, mwandiko wa mtoto wa shule. Mwenyewe alikuwa anaiandika upya kila ilipofifia.

"Aksanti, Docta. Mpe mwingine," akasema. Niliikubali, nikaiweka kwenye sanduku baada ya kuandika juu yake saizi, na kwamba skrubu ya nje ikaguliwe kila wiki.